Mkoba na Mkanda wa Fundi wa Umeme

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo, yaani kile kitu ambacho fundi wa umeme hutilia zana zake.

Wazee wetu walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo ni ya haki kwa mtu mvivu, atafutaye sababu ya kuikimbia kazi. Walakini mkulima mwenye jembe baya hupata hasara ya kuchelewa tu. Fundi wa umeme hali yake ni nyingine. Husimama juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika boriti, mkono wa pili wapapasa kutafuta bisibisi. Akiikosa, huinama, akiinama, ngazi huyumba. Basi kwake yeye mahali pa kukaa chombo ni jambo la uhai.

Habari hii yatuhusu sana sisi wa Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi ambavyo zamani vilijua kibatari tu. Kwa hiyo vijana wetu, wanaume kwa wanawake, wajifunza kazi hii. Asubuhi fundi hufanya kazi katika duka la Tunduma, karibu na mpaka wa Zambia. Alasiri hupanda pikipiki kwenda vijijini Mbozi, penye mashamba ya kahawa. Zana zake zapita katika vumbi, matope na mvua. Azichukue katika nini?

Fahamuni kwanza ya kuwa viko vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Mkoba ni wa safari. Mkanda wa zana ni wa ngazi. Mkanda wa usalama ni wa roho ya mtu. Anayevichanganya hivi vitatu hujitafutia msiba.

Nianze na mkoba. Mkoba mwema una kitako kigumu kisichopitisha maji, usimame wenyewe ukiwekwa chini, na mdomo mpana, ili uone kilichomo bila ya kumwaga vyote. Ndani uwe na mifuko mingi midogo, na sababu yake ni hii. Koleo, ambalo mafundi wengi huliita plaizi, huwa na mipini iliyofunikwa ili kuzuia umeme. Lililopimwa kwa kanuni za mataifa huwa na alama ya pembetatu mbili, na maandishi ya volti 1000. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, basi kinga hiyo yatosha sana. Lakini ukilitupa koleo hilo pamoja na msumeno wa chuma, tindo na misumari, njia ya Tunduma mpaka Vwawa yatosha kuukwaruza mpini. Utalishika siku moja ukidhani una kinga, kumbe imekwisha toboka. Kwa hiyo vyombo vyenye meno vikae mbali, na kisu kikae katika ala yake. Na bisibisi ya kupimia umeme, iitwayo testa, iwe na mfuko wake peke yake, kwani ikipasuka yaweza kukudanganya kwamba waya umekufa, na kumbe u hai.

Pili, mkanda. Huu usiwe ghala. Chagua mkanda mpana, kwani mwembamba hukata kiuno, na vifuko vyake viwe vichache. Tia vile tu utakavyovitumia juu ya ngazi: koleo, bisibisi mbili, testa, utepe wa kufungia nyaya, na kifuko kimoja cha skrubu. Vifuko vikae ubavuni. Usiweke chombo kigumu nyuma, juu ya uti wa mgongo, maana ukianguka chali chombo hicho ndicho kitakachokupokea. Zana ndefu zifungwe kwa kikamba, kwa sababu nyundo iangukayo kutoka darini haiulizi nani yuko chini. Na mara nyingi aliye chini ni mtoto wa mwenye nyumba aliyekuja kutazama. Ukiingia ndani ya dari, uvue mkanda, uchukue unachohitaji tu, usije ukanasa katika nyaya. Na ukipanda pikipiki, uvue vilevile; zana zirudi mkobani.

Je, mkanda uwe wa ngozi au wa turubai? Ngozi hudumu, lakini yataka kupakwa mafuta, na ikilowa hunywa maji, nayo ngozi iliyolowa hupitisha umeme. Kwa fundi wa Ileje, kwenye milima na mvua nyingi, turubai zito lafaa, kwa kuwa hukauka upesi. Aliye Kamsamba, bondeni penye joto, naye atalifurahia kwa wepesi wake. Bizimu kubwa za chuma, ndoano na minyororo ya kuning'inia, vikatae. Chuma kinachoning'inia mbele ya sanduku la fyuzi ni adui.

Tatu, na hili nalisema kwa mkazo: mkanda wa zana haukushonwa kuuchukua mwili wa mtu. Nimesikia vijana wakisema watajifunga kwao juu ya paa. Hapana! Mkanda wa usalama una mishipi ya mabega na mapaja, nao hupimwa kwa kazi hiyo. Tena nguzo na nyaya zilizo kabla ya mita ni mali ya TANESCO. Fundi wa nyumba hana ruhusa ya kuzipanda, hata awe na mkanda gani. Kazi yake ni ya ndani ya nyumba, na kwa hiyo nayo yampasa kuwa na leseni ya EWURA.

Ukienda kununua, chukua zana zako mwenyewe. Zitie zote, uvae, uiname, uchuchumae, upande ngazi kama mwenye duka ana ngazi. Kinachomwaga dukani kitamwaga kazini. Na kama fedha ni haba, usione haya. Mshona viatu hodari aweza kukushonea mkanda wa turubai mara mbili kwa kipimo chako, ukamwonyesha kila chombo mahali pake.

Mwisho, kila chombo na kirudi katika kifuko kilekile kila siku, mpaka mkono ukijue bila ya jicho. Jioni, kabla ya kuwasha umeme wa mwenye nyumba, hesabu. Kifuko kitupu chakuambia kwamba kuna chombo kilichosahauliwa, na pengine kimesahauliwa ndani ya sanduku la swichi, katikati ya nyaya. Afadhali kukitafuta umeme ukiwa umezimwa kuliko kukikumbuka baada ya kuuwasha.