MJI HUJENGWA KICHOCHORO KWA KICHOCHORO

Leo tuzungumze habari za mjini. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, "Sisi watu wa shamba, taabu za mjini zatuhusu nini?" Zinatuhusu sana. Watoto wetu wengi wako huko. Wanapanga vyumba katika mitaa isiyopimwa, nyumba zimebanana. Tena, mji wenyewe unatufuata. Hebu tutazame vijiji vyetu vilivyo kando ya barabara kuu. Palipokuwa na duka moja, sasa pana maduka kumi, mashine ya kusaga, gereji na nyumba za kupangisha. Kijiji kinageuka mji, nasi tumekaa tunatazama tu.

Tuchukue jambo moja: choo. Shambani, shimo likijaa tunachimba jingine pembeni, maana nafasi ipo. Mjini nafasi hiyo hakuna. Basi wako watu ambao hungoja mvua kubwa, wakatapisha choo usiku. Uchafu unapita mlangoni kwa jirani, unaingia kisimani. Kesho yake watoto wanaharisha, hata watoto wa yule aliyetapisha, maana nao wanacheza katika maji yale yale.

Je, watu wasio na fedha nyingi wanaweza kuondoa taabu ya namna hii? Wako waliofanya. Tusikilize habari zao.

Ng'ambo ya bahari yetu, katika nchi ya Pakistan, uko mji mkubwa uitwao Karachi. Pembeni mwa mji huo pana mahali panapoitwa Orangi. Watu walianza kuhamia huko katika miaka ya 1960, na wengi zaidi walifika baada ya vita vya mwaka 1971. Nyumba walijenga wenyewe. Lakini mabomba ya kuondoa maji machafu hayakuwepo. Wengine walitumia vyoo vya ndoo, wengine mashimo, na maji machafu yalipita njiani wazi wazi.

Mwaka 1980 alifika mzee mmoja, jina lake Akhtar Hameed Khan. Alizaliwa mwaka 1914. Zamani alikuwa ofisa wa serikali, akaacha kazi. Kisha alifanya kazi miaka mingi na wakulima wa Comilla, katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Mzee huyu hakuja na simenti wala mabomba. Alitembea vichochoroni akiwauliza watu linalowasumbua. Wakamwambia, ni uchafu. Akawauliza, mbona hamuuondoi? Wakajibu kwamba hiyo ni kazi ya serikali, tena ifanywe bure.

Mzee Khan na wenzake wakaona kwamba vipo vizuizi vinne. Tuvitazame kimoja kimoja.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa fikra. Watu walidhani nyumba ni yangu, lakini njia iliyo mbele ya nyumba si yangu. Walizungumza mpaka wakaona kwamba maji yale ya njiani ndiyo yanayowaugua watoto na kuozesha kuta za nyumba zao wenyewe.

Kizuizi cha pili kilikuwa umoja. Orangi ina maelfu ya vichochoro. Nani angeweza kuwakutanisha watu wote hao? Basi hawakuanza na wote. Walianza na kichochoro kimoja, chenye nyumba 20 hadi 40. Hapo watu wanajuana. Wanajua nani mkweli na nani mjanja. Walichagua msimamizi wao, naye akaandika majina na kukusanya michango. Fedha hazikushikwa na wataalamu wa mradi hata kidogo. Zilishikwa na jirani yao, ambaye wanamwona asubuhi na jioni.

Kizuizi cha tatu kilikuwa gharama. Bei ya makandarasi haikuwezekana. Wataalamu wakakaa chini, wakarahisisha michoro, wakatengeneza kalibu za chuma za kujengea chemba, ambazo vichochoro viliazimana. Kazi wakafanya wakazi wenyewe, au fundi waliyemlipa wao. Kwa bei za wakati ule, kila nyumba ilitoa karibu rupia 1,000, kwa choo chake na sehemu yake ya bomba la kichochoro. Hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama ambayo serikali ingetumia.

Kizuizi cha nne kilikuwa ufundi. Maji hayapandi mlima. Bomba likilazwa bila mteremko, uchafu unarudi nyumbani. Wataalamu walipima mteremko, wakachora ramani, wakapiga hesabu ya simenti na mchanga, wakaazimisha vifaa. Baada ya hapo wakawaachia wananchi wachimbe.

Kichochoro cha kwanza kilipokauka, cha pili kikaona wivu. Cha tatu kikaita wataalamu. Kazi ikaenea hivyo mpaka sehemu kubwa ya Orangi ikapata mabomba.

Sasa, ndugu zetu, hapa pana jambo kubwa. Tusije tukaelewa kwamba serikali haina kazi. La hasha! Watu wa Orangi waligawa kazi katika mafungu mawili. Choo cha nyumba, bomba la kichochoro na bomba la mtaa: hizo ni kazi za wananchi. Bomba kuu la mji na mahali pa kusafishia maji machafu: hiyo ni kazi ya serikali. Kichochoro hakiwezi kujenga bomba kuu, hata watu wake wakichanga mwaka mzima. Na serikali haiwezi kulinda chemba iliyo mlangoni kwako.

Sehemu ya serikali ilichelewa. Kwa miaka mingi mabomba ya wananchi yalimwaga uchafu katika vijito vya maji ya mvua, ambavyo hupeleka maji baharini. Kichochoro kilikauka, kijito kikachafuka. Kwa hiyo kazi haikuisha. Ilibidi wananchi waidai serikali itimize fungu lake.

Walidai kwa kutumia nini? Kwa kalamu. Vijana walifundishwa kupima na kuchora kila kichochoro na kila kijito. Kazi hiyo ya ramani iliongozwa na mama mmoja, Perween Rahman, msanifu wa majengo. Walipofika mbele ya maofisa, hawakwenda kulalamika mikono mitupu. Waliweka ramani mezani. Mama huyo alichunguza pia jinsi ardhi na maji ya mji yalivyokuwa yakiibwa. Mwezi Machi 2013 alipigwa risasi mjini Karachi akafa. Tunaona basi kwamba ramani ya kweli huwatia hofu wezi.

Hapa kwetu nako yako mambo ya kujifunza. Hanna Nassif, katika Kinondoni mjini Dar es Salaam, iko karibu na bonde la Mto Msimbazi. Mvua zikinyesha, maji yalikuwa yakiingia ndani ya nyumba. Katika miaka ya 1990 wakazi walichagua kamati yao. Kwa msaada wa jiji, wataalamu na Shirika la Kazi Duniani, wakajenga mitaro na barabara kwa mikono yao, wanawake kwa wanaume, wakalipwa ujira. Lakini mtaro nao unataka kuzolewa takataka kila mara. Usipozolewa, unakuwa jalala.

Ndugu wasomaji, sisi tunajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Tunaweza kuandika orodha ya michango na kuisoma mbele ya watu. Tunaweza kuchora ramani ya kitongoji chetu sasa hivi, wakati nafasi ya njia na mitaro bado ipo. Nyumba zikishabanana, tutalazimika kubomoa. Naye anayebomolewa huwa ni mmoja wetu.

Tukikutana katika vikundi vyetu, tujiulize maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, maji machafu yanakwenda wapi? Visima viko mbali kiasi gani na vyoo?

2. Ni kazi zipi tunazoweza kufanya sisi majirani wa nyumba 20? Ni zipi za kuidai halmashauri?

3. Nani tunamwamini ashike daftari la michango, na atatusomea hesabu siku gani?

Tukishapata majibu, tuyaandike. Kisha tuanze na kichochoro kimoja.