KAZI YA FIGO KATIKA MWILI WENYE AFYA
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mwaka uliopita chama chetu kilichanga fedha za mazishi ya mzee mmoja aliyekuwa akikojoa damu kwa muda mrefu, asimwambie mtu kwa haya. Jina lake hatulitaji. Lakini msiba ule ulitufundisha ya kuwa jambo tuonealo aibu kulisema ndilo litupasalo kulijua. Kwa hiyo leo tutasema wazi, nanyi wazee mtuwie radhi.

Wengi wetu tulikua tukidhani kwamba maji tunywayo hushuka kutoka tumboni moja kwa moja hadi kibofuni. Sivyo. Maji huingia kwanza katika damu, na mkojo hutengenezwa kutokana na damu hiyo. Wafanyao kazi hiyo ni figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, zilizokaa huku na huku ya uti wa mgongo, karibu na mbavu za chini. Aliyewahi kuchinja mbuzi azijua. Kila dakika hupita humo damu ipatayo lita moja na zaidi.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, kama 1,000,000. Kila kimoja ni kifundo cha mishipa myembamba kuliko unywele, kilichokaa ndani ya kikombe. Na kikombe hicho huendelea kuwa mrija mwembamba uliopindapinda. Mwaka 1842 Mwingereza William Bowman alieleza muungano huo baada ya kuutazama kwa hadubini.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Kwanza, nguvu ya moyo huisukuma damu katika kichujio, kama mama akamuavyo tui kwa kifumbu. Chembe za damu na protini hubaki ndani ya mishipa. Maji, chumvi, sukari na taka hupenya. Maji yachujwayo hivyo kwa siku moja ni lita 180, yaani madebe 9 ya lita 20! Kama yote yangemwagwa nje, mtu asingeimaliza asubuhi yake.

Hapo ndipo hatua ya pili. Mirija huyarudisha katika damu yale yafaayo: sukari yote, chumvi kwa kadiri yake, na karibu maji yote. Ni kama mwenye nyumba atoaye vyombo vyote uani, akarudisha vizuri na kuacha takataka. Mwaka 1924 Wamarekani Joseph Wearn na Alfred Newton Richards walichota tone katika kikombe cha figo ya chura; wakakuta sukari mle, hali mkojo kibofuni haukuwa nayo. Ikathibitika kwamba sukari hurudishwa njiani.

Kinachosalia kwa siku ni kama lita moja na nusu, chenye urea, ambayo ni taka itengenezwayo na ini kutokana na mabaki ya nyama, maharagwe na vyakula vya namna hiyo. Hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni. Tukitoka jasho jingi shambani, ubongo hutambua ya kuwa damu imekuwa nzito, nao hupeleka ujumbe kwa njia ya damu ili figo zizuie maji. Mkojo huwa haba na rangi yake hukoza. Tukinywa maji ya kutosha, huwa mwingi na mweupe.

Ndugu zetu, aliyeelewa haya ameelewa pia dalili za hatari. Damu au sukari ikionekana katika mkojo, haifai kupuuzwa. Pengine damu ni ya kichocho, nacho kina dawa. Kadhalika, nguvu ya damu ikizidi kwa miaka mingi huviharibu vichujio, na sukari iliyozidi katika damu hufanya vivyo hivyo. Wala kichujio kilichokufa hakioti tena. Figo zaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake bila mtu kusikia maumivu yoyote.

Basi twawaomba mambo mawili. Kila mwanachama, na hasa wazee, aende kupimwa mkojo na nguvu ya damu, hata kama hasikii ugonjwa. Na aonaye dalili amwambie mwanawe, au mkewe, au mumewe, siku ile ile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Fedha za chama ni bora zimpeleke mtu hospitali angali akitembea kwa miguu yake, kuliko kumnunulia sanda.

Ni sisi watumishi wenu.