Mgonjwa Aliye Chini ya Ufunguo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mtu ambaye wengi hawapendi kumtaja, naye ni mfungwa aliye mgonjwa.

Mtu wa Maramba akishikwa na homa usiku, huwaamsha jamaa zake. Wakiona hali si njema humpeleka katika kituo cha afya, na ugonjwa ukizidi hupelekwa Tanga, katika hospitali ya Bombo. Lakini mfungwa akishikwa na homa ile ile hawezi kujipeleka popote. Mlango usipofunguliwa, hata dawa ikiwa hatua mia tu kutoka hapo, kwake ni kama iko ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo aliyeshika ufunguo ameshika pia uzima wa mtu.

Katika jela ndogo shida huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mganga hakai humo, na askari ni wachache. Tuseme askari wa zamu ni watatu. Mgonjwa akisindikizwa na wawili, hubaki mmoja kuwalinda wote waliosalia. Basi mkubwa wa zamu husema, "Na tungoje kesho." Hatusemi kwamba mtu huyo ni mbaya; watu wake hawatoshi. Lakini malaria kali haingoji kesho.

Tena kuna watu wasemao, "Haya ni mambo ya wafungwa, sisi yatuhusu nini?" Hao na wasikie habari ya London. Mwaka 1750 wafungwa wachafu, wenye chawa, waliletwa katika korti iitwayo Old Bailey. Walikuja na homa ya jela, nayo ikawaua watu zaidi ya 40, pamoja na Meya wa London na majaji wawili. Mwaka 1774, baada ya Bwana John Howard kueleza mbele ya Bunge hali ya jela alizozikagua, Waingereza walitoa sheria kwamba kuta zipakwe chokaa, vyumba viingizwe hewa, wagonjwa watengwe, na kila jela iwe na tabibu wake.

Katika Afrika yetu, Nelson Mandela alipatwa na kifua kikuu kifungoni mwaka 1988. Alitibiwa akapona, akafunguliwa mwaka 1990, na mwaka 1994 akawa Rais wa nchi yake. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulizipa kanuni za kuwatunza wafungwa jina lake. Kanuni hizo zasema kwamba mfungwa apewe matibabu sawasawa na yale wanayopata watu walio nje, na kwamba shauri la mganga juu ya ugonjwa lisitanguliwe na mtu asiye mganga.

Yawezekanaje basi, penye askari wachache? Kwanza, mtu aingiapo aulizwe kwa upole, yakaandikwa: je, ana kifafa, kisukari au pumu? Anatumia dawa gani? Akiwa amekohoa majuma mawili au zaidi, apimwe makohozi. Pili, mganga wa kituo cha karibu awe na siku yake maalum ya kuja jelani, maana ni rahisi mganga mmoja aingie kuliko askari wawili watoke. Tatu, kila asubuhi askari aulize nani mgonjwa, naye aandike katika daftari. Akimwona mwenye degedege, au ashindwaye kupumua, au asiyeweza kunywa maji, asingoje siku ya mganga. Wala asiseme, "Huyu anajisingizia." Kupambanua hayo ni kazi ya mganga.

Hatimaye twawageukia ninyi mlio vijijini. Ndugu yenu akikamatwa, mwelezeni askari ugonjwa wake, na dawa zake mzipeleke upesi. Tena fahamuni kwamba dawa ya kifua kikuu kwa desturi hutumiwa miezi sita. Mtu aliyeanza dawa siku ya kwanza ya kifungo cha miezi miwili hurudi nyumbani akiwa na miezi minne ya dawa mbele yake. Yafaa atoke na barua ya kwenda kituo cha afya, na yafaa ninyi mmpokee na kumhimiza amalize. Mkimcheka, ataona haya aache dawa. Na akiacha, ugonjwa utamrudia, kisha utawaingia watoto wenu.

Hakimu alimhukumu kufungwa. Hakumhukumu kufa kwa homa. Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Anayelala leo nyuma ya mlango ule ni mtoto wa mtu, na kesho huenda akawa wetu.