Kupima Kabla ya Kununua: Nasaha kwa Wenye Magari ya Zamani



Gari kuukuu likigoma kuwaka alfajiri, wengi hukimbilia duka la vipuri. Hununuliwa betri mpya, kisha alteneta, kisha stata. Fedha ya ada ya watoto ikaisha, na hitilafu ingalipo. Mara nyingi chanzo ni kidogo: kutu katika vichwa vya betri, au waya wa ethi uliolegea kwenye bodi.

Basi mtakeni fundi apime mbele ya macho yenu. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takribani 12.6. Injini ikinguruma, kipimo hupanda kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, kagueni kwanza mkanda, nyaya na alteneta kabla ya kuilaumu betri.

Tena, fyuzi ya ampea 10 ikikatika mara kwa mara, msithubutu kuweka ya 30. Fyuzi hukatika ili waya usalimike. Mkiizidisha, utaungua waya, na pengine gari zima pamoja na abiria wake.

Mwenye gari la zamani na ajue analipia nini kabla ya kulipa.