Deni la Nchi na Kapu la Mfanya Kazi



Tumekusanyika kwa furaha ya yubile, na jina hili lenyewe lina habari ndani yake. Katika Torati yubile ulikuwa mwaka wa 50. Baragumu ilipigwa, na mtu aliyeuza shamba lake kwa ajili ya umaskini alirudishiwa, naye aliyejiuza alirudi kwa jamaa zake. Kwa hiyo si ajabu nikinena leo juu ya deni ambalo hapana hata mmoja wetu aliyelitia sahihi, nasi sote tumelilipa.

Wengi hudhani deni la nchi ni shauri la wakubwa na mabenki. Sivyo. Tazameni mambo yalivyokuwa Tanzania. Mwaka 1973, na tena 1979, bei ya mafuta ilipanda sana duniani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Na viwanda vilivyojengwa kwa mikopo havikuzaa kama ilivyotumainiwa (hapo makosa yalikuwa yetu pia, tusiyafiche). Sasa, deni lile lilidaiwa kwa fedha za kigeni, wala si kwa shilingi, na fedha hizo tulizipata kwa kuuza kahawa, pamba na katani. Bei ya kahawa iliposhuka ng'ambo, baada ya mapatano ya mataifa juu ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, mkulima wa Kilimanjaro au Bukoba alihitaji magunia mengi zaidi kuleta fedha ile ile. Deni halikushuka pamoja na bei.

Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuuliza hadharani kama imetupasa kuwatia watoto wetu njaa ili tulipe madeni. Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na thamani ya shilingi ikashushwa, kwa hoja kwamba mazao yetu yatauzika zaidi ng'ambo. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17; mwaka 1995 ilipita shilingi 500. Mshahara wa mwalimu uliongezwa, kweli, lakini sabuni, mafuta ya taa na nguo vilikwenda mbio kuushinda. Mwezi haujafika nusu, kapu li tupu. Ndipo mwalimu akafuga kuku, mkewe akakaanga maandazi ya kuuza, na madaftari yakangoja kusahihishwa. Waliomwita mvivu hawakufanya hesabu yake. Kisha wazazi wakatakiwa kuchangia: ada shuleni, na tangu 1993 malipo hospitalini. Mwenye mbuzi aliuza mbuzi. Asiye naye alimweka mtoto nyumbani.

Wako walioona jambo hili kuwa si haki. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya 1994, aliomba yubile ya mwaka 2000 iwe wakati wa kufikiri kupunguza madeni ya nchi maskini, kama si kuyafuta. Tarehe 16 Mei 1998 watu kama 70,000 walishikana mikono katika mji wa Birmingham, Uingereza, wakuu wa mataifa manane walipokutana huko. Mwaka 2001 Tanzania ilisamehewa sehemu kubwa ya deni lake, na mwaka ule ule serikali ikatangaza kuondoa ada ya shule za msingi. Mwaka 2000 wanafunzi wa shule hizo walikuwa kama milioni 4.4, mwaka 2005 walipita milioni 7. Msamaha mwingine ulikuja mwaka 2006.

Ninyi walimu mwajua yaliyofuata: madarasa yalijaa hata watoto wakaketi sakafuni, maana watoto walikuja kabla ya madawati. Na tangu hapo deni limekua tena, na sehemu yake imekopwa kwa mabenki ya biashara, ambayo riba yake ni nzito.

Makadirio ya serikali husomwa Dodoma kila mwezi wa Juni, nayo si siri. Walimu, yasomeni pamoja na watu baada ya ibada. Tafuteni palipoandikwa malipo ya deni, kisha palipoandikwa elimu, mkaziandike hesabu hizo mbili ubaoni, moja kando ya mwenzake, mkawaache wazazi waulize.