Kahawa Yetu na Afya Zetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokula maharage ya shule hii:

Nilipotakiwa nizungumze juu ya afya nilisita, maana mimi si daktari. Kazi yangu serikalini ni ya mafaili. Nikaona afadhali niseme juu ya kitu tunachokijua sote hapa Kagera, yaani kahawa. Wazee wetu Wahaya walikuwa wakichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, na mgeni akifika hupewa atafune. Mambo hayo yalikuwapo kabla Mjerumani hajakanyaga hapa. Lakini leo sehemu kubwa ya kahawa tunayovuna huuzwa nje, nasi wakulima tunabaki na chai.

Je, ina faida gani mwilini? Mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha makala iliyokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliokwisha fanyika. Ilionekana kwamba wanywaji wa vikombe vitatu au vinne kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wasioinywa kabisa. Maradhi ya ini na kisukari cha ukubwani nayo yaliwapata kwa uchache. Naomba mnielewe vizuri: uchunguzi wa namna hiyo huwatazama watu jinsi wanavyoishi, wala hauthibitishi kwamba kahawa yenyewe ndiyo iliyowakinga. Mwenye kisukari asiache dawa zake akakimbilia birika. Na yule atiaye vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja, huyo anakunywa sukari, kahawa ni kisingizio tu. (Naona baadhi ya wenzangu wanatazamana.)

Sasa nawageukia ninyi wadogo zetu. Mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Nne, tulikuwa tukichemsha kahawa kwa siri nyuma ya bweni ili tukeshe tukisoma. Usiku wa kuamkia mtihani wa Hesabu nilikunywa vikombe vitano. Asubuhi mikono ilitetemeka, moyo ukawa unapiga kama ngoma, na swali nililolijua vizuri nililiangalia kama barua ya Kichina. Alama niliyopata ninyi msiiulize. Baadaye nilikuja kujua sababu yake. Kahawa ina dawa iitwayo kafeini, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Kahawa yetu ya robusta inayo karibu mara mbili ya ile ya arabika ya Kilimanjaro. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2015 walisema mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito asizidi 200. Kijana mwenye kilo 50 ahesabiwe miligramu 150 tu, na kikombe kimoja cha kawaida kina kama 90. Pigeni hesabu wenyewe, maana mimi mmekwisha sikia habari zangu za Hesabu.

Jambo ambalo hasa limenileta hapa ni jingine. Baba yangu mdogo alifariki kwa saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Alianza kwa kushindwa kumeza ndizi, mwishoni hata maji hayakupita. Siwezi kusema kilichompa ugonjwa ule. Ninachokumbuka ni kwamba chai, uji, kahawa, vyote alivinywa vikitoka motoni, na sisi watoto tulimsifu kwa ushujaa huo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba halikuona ushahidi wa kutosha wa kuihukumu kahawa. Lakini kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 lilikiweka katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuleta saratani ya umio. Na ugonjwa huo, ndugu zangu, umeenea sana katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa Ndugu Mkuu wa Shule. Chai na uji wa asubuhi vikishateremshwa motoni, viachwe vipoe kwanza kabla ya kengele kupigwa. Najua wanafunzi hupewa dakika chache, nasi tulimeza uji wa moto ili tuwahi gwaride. Ratiba isogezwe, hata robo saa tu. Haihitaji fedha wala kibali cha Wizara.

Nimeleta kilo tano za kahawa kutoka shambani kwa mama yangu, imekaangwa juzi. Mpishi ameishaichemsha, na nimemwagiza asiimimine mpaka nimalize kusema, ipate kupoa. Sukari nimeleta kidogo, kwa makusudi. Karibuni.