Uso Kwanza, Nafaka Baadaye

Somo: Mwanzo 45:25-28, 46:1-7, 28-30



Katika Jumapili hii ya Familia Takatifu tunawaletea habari za safari mbili. Ya kwanza ni ya mzee Yakobo, aliyeshuka Misri kumwona mwanawe Yosefu. Ya pili ni yetu sisi wawili, mume na mke, walimu wastaafu wa shule ya msingi kutoka miteremko ya Mlima Kilimanjaro, tuliokwenda Marekani mwezi wa Desemba 2022 kumwona mwana wetu wa kwanza. Tumeombwa kusema nanyi, nasi tumekubali kwa haya kidogo, kwa kuwa habari yetu si ya kujisifu.

Tuanze na Yakobo. Wanawe wanarudi kutoka Misri na kumwambia kwamba Yosefu, ambaye alimlilia miaka mingi kama mfu, yu hai, tena anatawala nchi yote ya Misri. Moyo wa mzee unakufa ganzi, hawasadiki. Anapoyaona magari aliyopelekewa ili yamchukue, ndipo roho yake inapohuishwa. Tukumbuke kwamba wakati huo ulikuwa wa njaa. Yosefu alikuwa amempelekea baba yake punda kumi waliobeba mema ya Misri, na punda majike kumi waliobeba nafaka, mikate na vyakula vya njiani. Punda ishirini mlangoni pa mtu mwenye njaa! Lakini someni wenyewe: hamtakuta neno hata moja la Yakobo juu ya mizigo ile. Hakuuliza ni magunia mangapi. Hakuuliza cheo cha mwanawe kina malipo gani. Alisema tu kwamba imetosha, mwanawe yu hai, naye atakwenda kumwona kabla hajafa.

Imetosha. Neno hilo, ndugu, sisi hatukuwa nalo tulipofunga mizigo yetu.

Kijana wetu aliondoka nyumbani mwaka 2009. Kwa miaka 13 hatukumwona ila kwenye simu. Ninyi mnaoijua Kilimanjaro mnafahamu Desemba ni mwezi gani kwetu. Njia zote huelekea nyumbani. Watoto hurudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko, na mzazi ambaye mwanawe haonekani huona haya hata kuingia kanisani siku ya Noeli. Kila mwaka kijana wetu alisema atakuja mwakani, na kila mwaka hakuja. Mwishowe akasema, "Baba, mama, ikiwa mimi siwezi kuja, basi njooni ninyi." Akatuma nauli, kama Yosefu alivyotuma magari.

Tulijaza fomu, tukapata chanjo ya UVIKO-19 iliyotakiwa wakati ule, tukasafiri hadi Dar es Salaam kwa mahojiano ya viza. Afisa wa ubalozi alituuliza, "Mnakwenda kufanya nini?" Tukajibu, "Tunakwenda kumwona mwana wetu." Jibu lilikuwa fupi, likakubaliwa.

Usiku wa kuamkia safari, jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuja kusali rozari pamoja nasi. Baada ya rozari yakaja maombi mengine. Huyu alitaka simu, yule kompyuta ya mpakato, mwingine ada ya chuo, mwingine mtaji wa duka. Tukayaandika yote katika karatasi ya daftari, pande zote mbili. Na sisi wenyewe, tulipobaki peke yetu, tukaongeza la kwetu mwishoni: gari dogo, hata kama ni kuukuu, la kutufikisha kanisani. Karatasi ile tukaikunja na kuiweka ndani ya kitabu chetu cha sala.

Maandiko yanatuambia kwamba Yakobo, alipofika Beer-sheba, alisimama akamtolea Mungu sadaka, naye Mungu akamwambia asiogope kushuka Misri. Mzee mwenye umri ule kuiacha nchi yake si jambo dogo. Nasi tuliogopa. Hatukuwa tumepanda ndege hata mara moja. Pale Amsterdam, tulipobadilisha ndege, tulizikuta ngazi zinazokwenda zenyewe, tukashikana mikono mbele za watu, jambo ambalo wazee wa kwetu hawalifanyi. Tulipofika Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, afisa wa uhamiaji naye akatuuliza, "Mmekuja kufanya nini?" Tukajibu tena, "Kumwona mwana wetu." Mkungu mdogo wa ndizi tuliobeba tuliutaja kwenye ukaguzi, ukachukuliwa, maana matunda mabichi hayaruhusiwi kuingia. Kahawa yetu iliyokaangwa ikapita. Karatasi ndani ya kitabu cha sala haikuulizwa na mtu yeyote.

Hatutasahau namna alivyotukumbatia. Alikuwa amekonda. Tulidhani ni baridi.

Na baridi ilikuwapo. Minnesota ni jimbo lenye maziwa zaidi ya 10,000, na mwezi ule maji yake yalikuwa yameganda, watu wakitembea juu yake na kutoboa matundu ili wavue samaki. Jua lilizama saa kumi na nusu alasiri. Lakini tuliyoyaona nje hayakutushangaza kama tuliyoyasikia ndani ya nyumba.

Wakati wa baridi saa za huko ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tisa. Saa tano usiku kwao ni saa mbili asubuhi kwetu, saa ambayo tumezoea kuwa shambani. Basi miili yetu ilikataa kulala. Usiku wa kwanza, saa nne na zaidi, tukasikia mlango ukifunguliwa taratibu na kufungwa taratibu, kisha gari likaondoka. Usiku wa pili vivyo hivyo. Asubuhi saa mbili kijana alirudi, akalala kidogo. Saa nane mchana alitoka tena kwenda kupakia mizigo ghalani, akarudi saa mbili usiku, akala akiwa amesimama, na saa nne ukifika mlango ule ukafunguliwa taratibu tena. Siku ya tatu tulimwuliza mkwe wetu, "Huyu mtu analala saa ngapi?"

Hapa yatupasa kuungama jambo. Kijana alikuwa ametuambia kwamba anafanya kazi ya afya. Sisi wenyewe tukakata shauri kwamba ni daktari, tukamtangaza hivyo kijijini, naye hakuwa na moyo wa kutukanusha. Kumbe kazi yake ya usiku ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilisha nguo, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Usiku kucha mwana wetu anawaogesha baba na mama wa watu wengine, na mchana anapakia mizigo ili baba na mama yake wapate fedha.

Mkwe wetu ni mtu wa Liberia. Kijana alipomwoa tulinung'unika kwamba ameoa mbali. Lakini kwa kuwa hakulelewa katika kimya cha kwetu, alitwambia tulichohitaji kuambiwa. Alisema kwa upole, huku akimenya viazi pamoja na mama: "Mama, mara mbili tulikuwa tumeweka akiba ya nauli ya watu wanne kuja kwenu. Mara ya kwanza nauli ile ikawa bati za nyumba yenu. Mara ya pili ikawa geti."

Ndugu wasikilizaji, bati tulizihitaji, maana nyumba ilikuwa ikivuja. Lakini geti! Uzio wetu ulikuwa wa masale, kama uzio wa baba zetu, nao ulitosha. Tulitaka geti la chuma kwa sababu jirani alikuwa nalo. Tuling'oa masale, tukajenga nguzo, tukalipaka geti rangi, tukalipiga picha na kumtumia. Naye alijibu, "Limependeza, baba." Hajapata kulipita geti lile hata siku moja, wala wanawe.

Usiku ule hatukulala tena, na safari hii si kwa sababu ya saa. Tulizikumbuka simu zetu za miaka 13. Hatukuikumbuka hata moja ambayo haikuishia na ombi. Maafisa wawili walituuliza tunakwenda kufanya nini, tukajibu tunakwenda kumwona mwana wetu. Na jibu la kweli lilikuwa limekunjwa ndani ya kitabu cha sala.

Kwa Wachagga, mtu aliyekosa huchukua jani la isale na kwenda nalo kwa yule aliyemkosea, na akiliona jani lile ni vigumu kumnyima msamaha. Kule hakuna isale. Na hata lingekuwapo, kwetu mzazi hazoei kumpelekea mtoto jani hilo. Siku ya Noeli, baada ya Misa, kijana akiwa na saa chache za mapumziko, tulimketisha kati yetu. Baba akasema, "Mwanangu, utusamehe. Miaka yote hii tumekuuliza habari za fedha. Hatukukuuliza habari za usingizi wako." Alinyamaza muda mrefu, macho yake chini. Kisha akasema, "Niliogopa, baba. Niliona kwamba mkiijua kazi yangu, mtaona haya." Mama akamjibu, "Bwana wetu aliwaosha mitume wake miguu. Sisi ni nani tuone haya?" Akalia, mtu mzima wa miaka 39, na sisi tukalia naye. Yosefu naye, kule Gosheni, aliianguka shingo ya baba yake akalia kwa muda mrefu. Na Yakobo alisema kwamba sasa yu tayari hata kufa, kwa kuwa ameuona uso wa mwanawe.

Saa nne usiku kijana alikwenda kazini kama kawaida, maana kazi ni kazi. Ila tangu siku ile hakuufungua mlango taratibu. Tulimsindikiza hadi kizingitini, mama akamwekea ishara ya msalaba kwenye paji la uso, tukabaki tukitazama taa za gari mpaka zilipopotea.

Tuliwatazama pia wajukuu wetu kwa macho mapya. Wawili wale walijua neno moja tu la Kiswahili, "Shikamoo", walilofundishwa ili watuamkie kwenye simu. Mwanzo jambo hilo lilituuma. Lakini Yakobo aliletewa Efraimu na Manase, waliozaliwa ugenini na mama wa Kimisri, naye hakuuliza wanazungumza lugha gani. Aliwahesabu kuwa wake, sawa na Rubeni na Simeoni, akaweka mikono juu ya vichwa vyao akawabariki. Basi nasi tukaacha kulalamika, tukaanza kufundisha. Tulipoondoka walijua ishara ya msalaba na Baba Yetu kwa Kiswahili, na mama yao pia.

Ndugu, tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mtoto asiwasaidie wazazi wake. La hasha! Amri ya nne ingali amri. Yosefu alimlisha baba yake huko Misri kwa miaka 17, mpaka alipofariki. Tunasema juu ya utaratibu: uso kwanza, nafaka baadaye. Yakobo aliutafuta uso, na nafaka akapewa pamoja nao. Sisi tulitafuta nafaka, tukakaribia kuupoteza uso. Naye Mtume Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorinto, sura ya 12, anatukumbusha kwamba kwa kawaida mzazi ndiye anayemwekea mtoto akiba.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wazazi wenye watoto mbali, iwe Marekani, iwe Uarabuni, iwe Dar es Salaam tu: wiki hii mpigieni mtoto simu msiyomwomba kitu. Mwulizeni amelala saa ngapi, amekula nini, anasali na nani. Ninyi vijana mlio mbali, waambieni wazazi ukweli wa kazi zenu. Uongo wa heshima unachosha mwili na unatenganisha nyumba. Na ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya, msafiri anapoaga, mpeni sala zenu bila orodha.

Tuliporudi, watu walitukuta getini wakauliza, "Mmetuletea nini?" Tukajibu, "Tumemwona." Wengine walicheka, wengine walikasirika, na yupo ndugu mmoja ambaye hadi leo hajatusamehe. Kijana wetu hajaja bado. Akiba ya nauli imeanza upya, na safari hii hatutaigusa. Kando ya geti tumepanda masale tena.

Tuombe. Ee Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo, uwalinde watoto wetu walio mbali. Uwape usingizi wanaofanya kazi usiku. Utuondolee sisi wazazi tamaa inayotufumba macho, utufundishe kusema kwamba imetosha. Na siku utakayopenda, utukutanishe uso kwa uso, hapa duniani au katika nyumba yako ya milele. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.